Ghala la Wote na Watunzaji Wake: Historia ya Mashine za Programu Huria

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya watemi wala ya vita. Ni historia ya kazi moja isiyoonekana na macho: kazi ya kutunza mashine ambamo zinakaa programu za kompyuta zilizotengenezwa na watu wengi kwa pamoja, na kutolewa bure kwa yeyote azitakaye. Huenda mzee mmoja hapo kwenye kikundi anauliza, "Mambo hayo yatuhusu nini sisi wakulima wa pamba na wafugaji?" Swali hilo ni la haki, nami nitaanza nalo.

Mama mjamzito aendapo zahanati, mhudumu huandika habari zake katika kitabu kikubwa cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mtoto akichanjwa, huandikwa. Mgonjwa wa malaria akipimwa, huandikwa. Mwisho wa mwezi mhudumu hukaa chini, akahesabu, akajumlisha, na hesabu yake huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Kutoka hapo maofisa wa afya wa wilaya, wa mkoa na wa wizara wanaweza kuona ni watoto wangapi wamechanjwa Bariadi, na ni wangapi Maswa au Itilima. Hesabu hizo hutumiwa katika kupanga dawa na chanjo. Basi ikiwa hesabu ya zahanati yetu imepotea njiani, watoto wale hawakuhesabiwa, na mpango wa mwezi ujao unafanywa kana kwamba hawakuwapo.

Programu hiyo ya DHIS2 haikununuliwa dukani. Ni programu huria. Maana ya neno hilo ni kwamba maandishi yake ya ndani, ambayo mafundi huyaita msimbo, yako wazi. Fundi yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwapa wengine marekebisho yake. Sisi Wasukuma tunayo mfano karibu. Zamani vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima, kikiongozwa na nsumba ntale, nao walihama kutoka shamba la mtu mmoja hadi la mwingine, kwa ngoma na kwa zamu. Mafundi wa programu huria hufanya vivyo hivyo, ila mmoja yuko Dar es Salaam, wa pili yuko Oslo, wa tatu yuko Hanoi, na huenda wasionane maisha yao yote.

Lakini vijana wale walikuwa na mahali pa kukutania. Ngoma yao ilikuwa na mtu wa kuitunza, na majembe yalikuwa na mahali pa kulala. Na mafundi hawa je, kazi yao inalala wapi? Inalala katika kompyuta maalum iitwayo seva. Seva haizimwi usiku wala mchana. Hukaa katika chumba chenye baridi, ikiunganishwa na intaneti, na kumjibu kila abishaye hodi. Ndani ya seva za jumuiya moja ya programu huria mna ghala la msimbo, orodha ya kasoro zinazosubiri kurekebishwa, maongezi ya mafundi ya miaka mingi, vitabu vya maelezo, na faili ambazo watumiaji huzichukua ili kuzisimika kwao. Ukiiondoa seva, mafundi wote wazima, lakini jumuiya hakuna.

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi. Mwamerika Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 kwamba ataandika mfumo huria uitwao GNU, alikuwa akiwauzia watu utepe wenye programu zake kwa dola 150, nao ukienda kwa posta kama barua. Kisha mwaka 1991, katika nchi ya Ufini, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Alitaka kuwapa watu, lakini hakuwa na mahali pa kukiweka. Rafiki yake Ari Lemmke alikuwa mmoja wa watunzaji wa seva ya mtandao wa vyuo vikuu vya Ufini, naye akampa nafasi. Torvalds alikuwa amechagua jina la Freax. Lemmke hakulipenda, basi akaipa ile nafasi jina la "linux", na jina likashika. Leo mfumo huo ndio unaoendesha seva nyingi za dunia, na ndani ya kila simu ya Android mna kiini chake. Jina lake halikutolewa na baba yake. Lilitolewa na mwenye ghala. Mimi naipenda habari hii kwa sababu yatuonyesha tangu mwanzo kwamba atunzaye mahali ana nguvu juu ya kitu, hata kama nia yake ni njema.

Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa njia ya uchungu. Katika miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alilima pamba yake mwenyewe, akaipalilia mwenyewe na kuivuna mwenyewe. Lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, kilikuwa cha mtu mwingine. Ndipo wakulima wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaandikishwa kwa pamoja kuwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo kiongozi wake alikuwa Paul Bomani. Mwaka uliofuata shirikisho hilo likapata jineri yake ya kwanza, ya Kasamwa. Tena yale ya mwaka 1976, wakati serikali ilipovivunja vyama vya ushirika, wazee wanaweza kuwasimulieni wenyewe vizuri kuliko mimi. Nasema hayo ili muielewe hoja ya somo hili: kulima ni jambo moja, na kumiliki mizani na ghala ni jambo lingine.

Sasa turudi kwenye afya, na tuvuke mpaka kwenda Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka mfumo wa kutunza habari za wagonjwa kwa kompyuta. Ulikuwa mdogo, nao ulijengwa juu ya programu ya kununua. Baadaye ugonjwa wa UKIMWI ulileta wagonjwa wengi mno. Mgonjwa wa UKIMWI hatibiwi mara moja akaenda zake. Anafuatwa maisha yake yote, na daktari anayemwona leo sharti ajue dawa alizopewa mwaka jana. Mfumo wa Mosoriot ukaelemewa.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya mjini Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walianza kubuni mfumo mpya kwa ajili ya Eldoret. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Christopher Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika ya Kusini, na programu yao ikaitwa OpenMRS. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikaanza kazi Rwinkwavu, Rwanda. Baada ya hapo ilienea katika nchi nyingi.

Mwanzoni seva za jumuiya ya OpenMRS, zile za msimbo na maongezi na orodha ya kasoro, zilikuwa chini ya uangalizi wa watu wa Indiana. Hapakuwa na ofisi kubwa. Palikuwa na watu wachache waliojua nywila, wengi wao wakiwa na kazi nyingine ya mchana. Jumuiya ilipokua, msimbo ulihamishiwa GitHub, ambayo ni ghala la kampuni ya kibiashara, na mashine nyingine zikahamia katika Jetstream, mkusanyiko wa kompyuta za watafiti unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana kwa fedha za serikali ya Marekani. Kazi ya watunzaji wale ni ya namna hii: kusimika marekebisho ya usalama kabla wezi hawajaiona nafasi, kuangalia kama diski inajaa, kulipia jina la tovuti kila mwaka lisije likachukuliwa na mtu mwingine, kufungua akaunti za wageni na kufunga za walaghai, na kuamka usiku mashine inapokwama. Watumiaji wakikuta mlango umefunguka hawamkumbuki mtunzaji hata kidogo. Wanamkumbuka siku ulipofungwa, na siku hiyo maneno yao si matamu.

Hapa yafaa nieleze tofauti moja, maana wengi huichanganya. Seva ya jumuiya ya OpenMRS haina habari za mgonjwa hata mmoja wa Eldoret. Habari za wagonjwa hukaa katika seva ya hospitali yenyewe. Katika ile ya jumuiya mna msimbo na maongezi tu. Ni kama kiwanda cha kutengeneza majembe na shamba linalolimwa kwa majembe hayo. Lakini vyote viwili vinahitaji mtunzaji, na historia ya Afrika ya Mashariki ni historia ya kutafuta watunzaji wa vyote viwili.

Ilikuwa pia historia ya kutafuta njia. Mnajua barabara ikiwa mbovu, hata soko likiwa zuri halifikiki. Kabla ya mwaka 2000, mtu wa Nairobi akimpelekea barua ya kompyuta jirani yake wa ng'ambo ya barabara, na jirani yule ni mteja wa kampuni nyingine, barua ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, kisha ikarudi Nairobi. Fikirini mtu wa Kasoli apelekaye debe la mahindi kwa jirani yake kwa kupitia London! Na kila hatua ya safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni. Basi mwezi wa Novemba 2000 makampuni ya intaneti ya Kenya yalifungua mahali pa kubadilishana mizigo yao, paitwapo KIXP, katika jumba la Sasini House, Nairobi. Kampuni ya simu ya Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na baada ya wiki chache tu mamlaka ya mawasiliano ikaamuru mahali pale pafungwe. Wenye makampuni hawakukata tamaa. Walibishana kwa hoja, wakapewa leseni, na mwezi wa Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena. Tanzania nayo ikawa na mahali pake Dar es Salaam, paitwapo TIX. Vifaa vya mwanzo vya mahali kama hapo vyaweza kuingia katika kabati moja. Ugomvi wote ulikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kuliweka kabati hilo.

Kisha zikaja nyaya za baharini. Mwaka 2009 ulifika ule wa TEAMS Mombasa, na mwaka huohuo SEACOM ukafika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata EASSy. Hapo ndipo habari ya seva ilipogeuka.

Mfano mzuri ni DHIS2 yenyewe. Chimbuko lake ni Afrika ya Kusini, mwaka 1994, baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa kisheria, wakati nchi ile ilipotaka kuunganisha idara za afya zilizokuwa zimetenganishwa kwa rangi za watu. Toleo la kwanza lilikaa katika kompyuta moja moja ofisini, na taarifa zilibebwa kwa diski mkononi. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kikaongoza utengenezaji wa toleo la pili, ambalo lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia katika kazi hii mapema. Walimu na wanafunzi wake waliijaribu programu katika wilaya za Mkoa wa Pwani, miaka mingi kabla haijaenea nchi nzima, na baadhi yao walikwenda Oslo kusoma shahada ya udaktari wa falsafa, kisha wakarudi kufundisha wengine.

Kenya ilikuwa imepanga kusimika DHIS2 katika kompyuta za kila wilaya. Ebu fikirini taabu yake: kila wilaya mashine yake, kila mashine virusi vyake, na kila toleo jipya likitoka fundi azunguke nchi nzima na gari. Mwaka 2011, baada ya kujaribu huko Pwani ya Kenya na kuona kwamba kifaa kidogo cha intaneti ya simu kinatosha, wakabadili mpango. Iwepo seva moja kuu kwa nchi nzima, na karani wa wilaya aifikie kwa intaneti. Lakini seva hiyo iwekwe wapi? Wizara ilikuwa na jengo, lakini intaneti ya jengo na umeme wake havikuaminika vya kutosha. Basi wakakodi nafasi katika seva za kampuni ya kibiashara. Kazi ilikwenda vizuri, na ndani ya mwaka huo nchi nzima ikawa inatumia. Tanzania ilifuata njia ya seva moja kuu pia, na kufikia mwaka 2013 mfumo ulikuwa umeenea katika mikoa yote, pamoja na Mkoa wetu wa Simiyu uliokuwa umeundwa mwaka uliotangulia kutoka Shinyanga.

Kuna watu waliosema, na bado wako wasemao, kwamba kuweka hesabu za afya za taifa katika mashine ya kukodi ni kama kuweka mbegu zako katika ghala la mtu mwingine. Wengine hujibu kwamba mbegu zilizoko nyumbani kwako, chini ya paa linalovuja, haziko salama zaidi. Mimi naona wote wawili wana haki, lakini wa pili alikuwa na haki zaidi mwaka 2011 kuliko alivyo leo, kwa maana miaka ile paa lilikuwa linavuja kweli. Tangu hapo serikali zimetunga sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizo zinaweka masharti juu ya kupeleka habari za watu nje ya nchi. Hata hivyo sheria haijazi mafuta katika jenereta.

Na msimbo wenyewe wa DHIS2 ulikuwa wapi wakati huo? Kwa miaka kadhaa ulikaa Launchpad, ghala la kampuni ya Canonical, na baadaye ukahamia GitHub. Jumuiya nyingi zimehama hivyo, kama wafugaji wafuatao malisho, na si kila mara kwa hiari. Kampuni ya Google ilikuwa na ghala lake la programu huria. Mwaka 2015 ikatangaza kwamba italifunga, na waliokuwamo wakahamisha vitu vyao. Lile la SourceForge, lililofunguliwa mwaka 1999 na kuwa mashuhuri kuliko yote, lilifanya jambo baya zaidi. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba wenyewe wameitia programu ya kuchora iitwayo GIMP ndani ya kifurushi chenye matangazo ya biashara, baada ya watengenezaji wake kuondoka pale. Hapa ndugu zangu mwaikumbuka mizani. Pamba ni ile ile, mkulima ni yule yule, lakini aliyeshika ghala ametia mkono wake. GitHub nayo, ambako wengi walikimbilia, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5.

Sitaki mfikiri kwamba hatari yote iko kwa makampuni. Ajali haichagui. Mwezi wa Machi 2013 jumuiya ya KDE, inayotengeneza programu za kutumia kompyuta kwa picha na madirisha, iliizima seva yake kuu kwa ajili ya marekebisho. Ilipowashwa, faili zilikuwa zimeharibika. Walikuwa na seva nyingine za nakala, nao walijiona salama kwa sababu hiyo. Lakini nakala zile zilikuwa zimefundishwa kumfuata mkubwa wao katika kila jambo, basi zikaufuata hata uharibifu wake! Maghala zaidi ya 1,500 yalikuwa ukingoni mwa kupotea. Yaliokolewa kwa sababu mashine moja ilikuwa bado na nakala nzima, na hilo lilikuwa bahati kuliko mpango. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, fundi aliyekuwa amechoka usiku alifuta hifadhi akidhani yuko katika seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala za akiba. Walipozitazama, hapakuwa na hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Waliponea katika nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita nyuma kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa heshima yao, hawakuficha; waliandika yote hadharani huku watu wakitazama.

Msimbo wenyewe umepata kinga nzuri tangu mwaka 2005, wakati Torvalds yule yule alipoandika programu ya Git. Kwa Git kila fundi anayefanya kazi huwa na nakala kamili ya msimbo na historia yake katika kompyuta yake. Ghala likiungua leo, fundi wa Dar es Salaam aweza kulijaza upya kesho. Lakini Git hailindi maongezi, wala orodha ya kasoro, wala akaunti za watu. Na hesabu za zahanati yetu haimo kabisa. Hizo zinalindwa na mtu aliyekumbuka kuchukua nakala, akaipeleka mbali na seva, na siku moja akajaribu kuirudisha aone kama inarudi. Nakala isiyojaribiwa haina tofauti na mtungi uliofunikwa ambao hujui kama una maji.

Na mtu huyo hulipwa na nani? Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, katika mji wa Corvallis, Marekani, kilianzisha maabara ya kutunza seva za programu huria, na wanafunzi wakafanya kazi humo huku wakijifunza. Jumuiya kubwa kubwa za dunia zilipata makao pale. Mwezi wa Aprili 2025 mkuu wa maabara hiyo alitangaza kwamba wasipopata dola 250,000 huenda wakafunga mwaka huohuo. Wafadhili walijitokeza wakaokoa hali. Lakini tazameni kiasi chenyewe. Kampuni zinazotumia programu zile huhesabu faida kwa mabilioni, na ghala lilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha kidogo kama hizo.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikapungua sana katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, seva iliyo ng'ambo ya bahari ni kama haipo. Seva iliyo Dar es Salaam, ikifikika kwa njia za nchi kavu na kwa kabati kama lile la TIX, yaweza kuendelea kujibu. Hilo ndilo jibu zito kuliko yote kwa wale wanaosema mahali pa seva si kitu, nalo halikutoka katika vitabu.

Kuna jambo moja ambalo historia hizi hazilisemi sana, labda kwa kuwa waandishi wake ni mafundi. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wameandika msimbo wa OpenMRS na wa DHIS2, na wengine wameandika wa Ushahidi, ile programu ya ramani iliyobuniwa na Wakenya mwezi wa Januari 2008 ili kukusanya habari za machafuko ya baada ya uchaguzi. Lakini walioshika funguo za seva za jumuiya hizo, kwa muda mrefu, walikuwa wengi Indiana na Oslo. Sioni hila katika jambo hilo. Mtunzaji hutakiwa awe na umeme usiokatika, intaneti ya saa zote, na mshahara unaomruhusu kukesha. Kijana wa Eldoret au wa Dar es Salaam aliyekuwa na ujuzi ule ule mara nyingi alikosa kimoja katika vitatu. Umeme na intaneti vimekuwa bora. Mshahara wa kukesha bado ni wa kutafutwa, kwa sababu mradi ukipata msaada, fedha huandikwa kwa ajili ya mafunzo, magari na programu mpya. Fungu la kutunza seva kwa miaka kumi ijayo halipendezi katika hotuba ya ufunguzi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wapatao milioni mbili nchini walipokaa katika vikundi kama hiki chenu, wakisikiliza redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Kwa kufuata desturi ile, tunawaachia kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo. Kikundi kichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, waende kwa heshima kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Wamwulize taarifa ya MTUHA ya mwezi uliopita iliondoka siku gani na kwa njia gani, ni nani aliyeiingiza katika kompyuta, na kama intaneti inapokatika kuna nakala inayobaki kwenye karatasi, na karatasi hiyo inatunzwa wapi. Wamwulize pia kama yeye mwenyewe amewahi kuonyeshwa jumla ya hesabu alizozipeleka. Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi na yasomwe mbele ya wote, na katibu atie tarehe.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya nguzo za simu na jinsi zilivyofika katika Kanda ya Ziwa. Wasikilizaji, kwaherini.